Kungoja, Kungojesha na Kungojeana: Kitenzi cha Kiswahili katika Usanifu wa Seva za Mtandao

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba elimu ya kompyuta umeendeshwa, kwa sehemu kubwa, kama mjadala wa nomino. Je, chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Je, itumike tovuti au wavuti? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na mwaka uliofuata Microsoft ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kazi zote mbili zilihitaji orodha ndefu za istilahi, na wasomi wakabishana juu ya orodha hizo kama ilivyo desturi yao. Vitenzi havikupata bahati ya kubishaniwa kiasi hicho. Mhadhara huu unageukia upande huo uliosahauliwa. Unachukua tatizo moja la kihandisi, yaani namna ya kusanifu seva inayohudumia maelfu ya wateja kwa wakati mmoja, na kuonyesha kwamba kiini chake ni kitendo cha kungoja. Kiswahili kina kitenzi hicho tayari, pamoja na minyambuliko yake yote.

Mfano utakaotumika unatoka Dindira. Kata hiyo iko wilayani Korogwe, mkoani Tanga, juu katika milima ya Usambara Magharibi, ambako Washambaa wamelima kwa vizazi vingi na ambako mashamba ya chai ya Dindira na Ambangulu yamekaa juu kabisa ya tambarare za mkonge. Mtahiniwa wa kidato cha nne aliyeko huko hangoji tena matokeo yabandikwe ukutani shuleni. Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapoyatangaza, anaingia mtandaoni kwa simu, sawa na mwenzake wa Dar es Salaam au Mwanza. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wa mtihani huo wamezidi nusu milioni. Kila mmoja ana wazazi, walimu, na shangazi asiyekosa simu. Wote wanabisha hodi katika saa ileile.

Banda la mizani

Mtu aliyewahi kushuhudia upimaji wa majani ya chai ataelewa upesi kinachotokea ndani ya seva. Wachumaji hufika bandani kwa mkupuo, kila mmoja na kapu lake. Majani mabichi hayavumilii; yakikaa kapuni hupata joto na kuharibika, hivyo sharti yafike kiwandani siku hiyohiyo. Pale bandani yupo karani wa mizani, anayepokea kapu, kusoma uzito, kuandika katika daftari na kumwita anayefuata. Sasa tuseme kila mchumaji, baada ya kuweka kapu mizanini, anaanza kutafuta kadi yake mifukoni. Anaitafuta taratibu. Karani amesimama, kalamu mkononi, na nyuma foleni inarefuka.

Hivyo ndivyo inavyofanya seva sahili kuliko zote. Inapokea muunganisho wa mteja mmoja, inauambia mfumo endeshi “nisomee alichosema mteja huyu”, kisha inalala mpaka mteja aseme. Wito wa namna hiyo humngojesha aliyeutoa. Ifahamike kwamba karani hapa hana kazi nyingi. Kuandika uzito ni suala la sekunde chache. Muda wake unaliwa na kutafutwa kwa kadi isiyo yake.

Suluhisho la kwanza lililowajia wahandisi lilikuwa kuajiri karani mmoja kwa kila mchumaji. Apache, programu ya seva iliyoanza mwaka 1995 na kutawala wavuti kwa miaka mingi, ilitenga mchakato mmoja kwa kila muunganisho. Nyingine zilitumia nyuzi, ambazo ni michakato myepesi inayoshirikiana kumbukumbu moja. Njia hii ina heri yake: programu huandikwa kwa mfuatano wa kawaida, mstari baada ya mstari, na mteja mmoja akichelewa hachelewesha wengine. Lakini makarani wanahitaji mahali pa kukaa. Kila uzi hutengewa eneo lake la kumbukumbu kwa ajili ya mambo ya muda. Katika kompyuta za biti 32 zilizokuwa za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu moja katika Linux kwa kawaida ilikuwa na gigabaiti 3 za anwani za kutumia. Uzi mmoja ukitengewa megabaiti 2, nafasi yote ingekwisha kabla ya nyuzi kufika 1,600. Kwa hiyo mchumaji wa 1,600 alikosa karani, ingawa makarani karibu wote walikuwa wamekaa wakitazama watu wanaotafuta kadi.

Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, alilitangaza tatizo hili kwa tarakimu moja iliyodumu: wateja 10,000 kwa pamoja. Hoja ilikuwa kwamba mitambo yenyewe ilikwisha kuwa na nguvu za kuhudumia idadi hiyo, na kwamba kilichokwamisha ni usanifu wa programu.

Njia ya pili ni kuwa na karani mmoja asiyekubali kungojeshwa. Anamwambia kila mchumaji: “Ukiwa tayari, sema.” Kisha anawashughulikia wale waliosema tu. Swali linalobaki ni jinsi anavyojua nani yuko tayari. Mfumo wa Unix wa Berkeley wa mwaka 1983 ulileta wito uitwao select, ambao karani huupa orodha ya wateja wote na kurudishiwa walio tayari. Ulifanya kazi vizuri kwa wateja mia. Lakini ndani yake mlikuwa na mzunguko: kila mara, mteja mmojammoja huulizwa, “Wewe je? Na wewe je?” Wateja wakiwa 10,000 na walio tayari ni 3, maswali 9,997 yamepotea bure, na mzunguko huo hurudiwa kila mara. Tena, katika mifumo mingi, orodha yenyewe ilikuwa na ukomo wa nafasi 1,024. Wito wa poll uliofuata uliondoa ukomo huo. Mzunguko ulibaki palepale.

Mageuzi yenyewe yalikuja pale mfumo endeshi ulipokubali kukumbuka. Mteja husajiliwa mara moja tu. Akiwa tayari, jina lake huwekwa katika orodha fupi. Karani huisoma orodha hiyo fupi na kuwaacha wengine walivyo. FreeBSD ilipata chombo hicho mwaka 2000 kwa jina la kqueue. Linux ilipata epoll mwaka 2002, na ikawafikia watumiaji wa kawaida kupitia toleo 2.6 mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev akatoa hadharani nginx, seva iliyojengwa juu ya msingi huo: makarani wachache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini cha kichakato, na kila mmoja ana maelfu ya wateja asiowangoja.

Usanifu huu una udhaifu ambao vitabu vingi hupita juu yake kwa haraka. Karani akiwa mmoja, hana ruhusa ya kuzama. Akijiingiza katika kujumlisha daftari la mwezi mzima huku foleni ikiwepo, wachumaji wote, hata walio na kadi mkononi, wanangoja. Kwa hiyo kazi ndefu lazima zipelekwe chumba cha nyuma. Kadhalika, programu huvunjika vipandevipande, kwa kuwa kila mahali ambapo zamani pangekuwa na neno “ngoja” sasa programu inaandika mahali ilipofikia, inaondoka, na kurudi ikiitwa. Wanaoisoma baadaye hupata shida kuufuata uzi wa masimulizi.

Ndiyo maana njia ya kwanza haikufa. Tangu mwaka 1986 wahandisi wa Ericsson walikuwa wakiunda lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu. Ndani yake kila mazungumzo yana mchakato wake, ila mchakato huo ni mdogo mno na hausimamiwi na mfumo endeshi. Mwaka 2012 WhatsApp, iliyoitumia lugha hiyo, ilieleza kwamba mtambo wake mmoja ulishikilia miunganisho zaidi ya milioni 2. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, huanza kila uzi wake mwepesi kwa kilobaiti 2 tu, kwa hiyo nyuzi 10,000 huhitaji takriban megabaiti 20. Java nayo ilifuata mkondo huo katika toleo la 21 la mwaka 2023. Kwa maneno mengine, mwandishi wa programu ameruhusiwa tena kuandika “ngoja”, na kazi ya kutongojeshwa inafanywa chini yake asipoiona.

Elfu kumi wanatoka wapi

Hapa ndipo Dindira inapoingia kwa uzito wake, maana yamkini msikilizaji amedhani kwamba wateja 10,000 ni dalili ya umaarufu tu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo ni rahisi kuitamka: idadi ya waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa kila sekunde, ukizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia watu 500 kwa sekunde na kila mmoja akakaa sehemu ya tano ya sekunde, waliomo ni 100. Wakiingia haohao 500, na kila mmoja akakaa sekunde 20, waliomo ni 10,000. Kurasa zilizotolewa ni zilezile na jasho la seva ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali na ubovu wa njia.

Seva ambayo wateja wake wote wako jirani, wenye nyaya nzuri, huenda isilijue tatizo hili kamwe. Seva inayohudumia milima na mabonde hukutana nalo hata kwa wateja wachache. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na dunia ilipitia setilaiti iliyoko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000, ambazo hata kwa kasi ya nuru ni karibu nusu sekunde. Na kwa kuwa itifaki ya TCP hutaka pande mbili zisalimiane kwanza kabla ya kuongea, sekunde nzima hupita ndipo herufi ya kwanza ya ukurasa iwasili. Mkongo uliondoa sehemu hiyo ya safari. Haukuondoa migongo ya milima inayokata mawimbi ya simu, wala simu ya bei nafuu, wala mnara mmoja unaogawanywa na vijiji kadhaa siku ya matokeo.

Kwa hiyo mteja wa Dindira, kwa mtazamo wa seva, ni yule anayetafuta kadi taratibu. Msanifu ana mamlaka juu yake kwa tarakimu moja ndogo: muda ambao seva itamngoja kabla ya kumkatia. Akiweka sekunde 5, mahesabu yanapendeza, waliomo wanapungua na grafu zinatulia. Waliokatiwa ni walewale wa mbali. Tena hawaondoki, wanabonyeza upya, na kila kubonyeza ni salamu mpya, muunganisho mpya, ukurasa unaoanza kutumwa tangu mwanzo. Tarakimu iliyowekwa ili kupunguza mzigo inauongeza. Hili linastahili kusisitizwa, kwani aghalabu huonekana kama jambo la kiufundi tu, ilhali ni uamuzi kuhusu nani ahesabiwe kuwa mteja. Seva iliyosanifiwa ili muunganisho ulio kimya usigharimu kitu ila kilobaiti chache za kumbukumbu inaweza kumngoja mtu wa Dindira dakika nzima bila hasara. Seva ya karani mmoja kwa mchumaji mmoja haiwezi.

Kungoja pekee hakutoshi, bila shaka. Matokeo ya mitihani nchini yamekuwa yakitolewa kwa kurasa zilizopangwa kwa vituo: kila shule ukurasa wake, umeandikwa tayari. Usanifu huo unaonekana wa kizamani kwa macho ya wanaopenda mapambo, lakini ni wa busara sana. Hakuna hesabu inayofanywa wakati mteja anauliza. Ukurasa wa shule moja ukishasomwa mara moja unabaki katika kumbukumbu na kutolewa kwa mamia wanaofuata. Kazi imefanywa jana. Vilevile ukurasa usio na picha hufika Dindira mapema na kuachia nafasi, jambo ambalo, kwa kanuni ya Little, ni sawa na kununua seva nyingine.

Pana pia foleni ya mlangoni, ile ya waliosalimiana na mfumo endeshi lakini bado hawajapokelewa na programu. Katika Linux ukomo wake wa kawaida ulikuwa 128 kwa miaka mingi, hadi ulipopandishwa kuwa 4,096 mwaka 2019. Wasimamizi wengi hawakujua kwamba tarakimu hiyo ipo. Seva ilionekana imepumzika, huku nje watu wakirudishwa.

Daftari na mizani

Huduma za fedha kwa simu zinaongeza jambo ambalo matokeo ya mitihani hayana, yaani kumbukumbu ya mazungumzo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Mtumiaji wa Tanzania aliyepiga *150*00# alipata menyu, akachagua, akaulizwa kiasi, akaulizwa namba ya siri. Katika kila hatua yupo mtu anayefikiri, pengine anamuuliza jirani namba ya mpokeaji, na mtambo unapaswa kukumbuka alipofikia. Maelfu ya mazungumzo ya namna hiyo huwa wazi kwa pamoja, mengi yakiwa kimya. Umbali wa mitambo nao una hesabu yake: seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Katika fedha, mteja aliyekatiwa na kubonyeza tena si kero tu. Mama wa Dindira aliyetuma ada ya shule, menyu ikapotea kabla ya jibu kuja, hajui kama fedha zimekwenda. Akirudia, je, ada italipwa mara mbili? Usanifu mzuri huipa kila amri namba yake, ili amri ileile ikifika mara ya pili itambuliwe na kujibiwa kwa stakabadhi ileile ya kwanza.

Na hapa ndipo kinapojitokeza kitendo cha tatu. Tuchukue watu wawili, Asha na Juma, wanaotumiana fedha katika nukta moja. Karani anayeshughulikia amri ya Asha anafunga akaunti ya Asha, kisha anataka ya Juma. Karani mwingine amekwisha kuifunga ya Juma, anataka ya Asha. Mmoja ameshika daftari anangoja mizani; mwenzake ameshika mizani anangoja daftari. Hakuna aliyekosea, na hakuna atakayetoka. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa sitiari ya kufuli lililokufa, na baadhi ya watafsiri wameifuata sitiari hiyo. Kiswahili hakiihitaji. Makarani hawa wanangojeana. Kiambishi cha kutendana kinabeba maelezo yote: watendaji ni zaidi ya mmoja, kila mmoja ni mtenda na mtendwa, na kitendo hakina mwisho ndani yake. Dawa yake inayotumika sana ni ya kawaida kabisa: makarani wote wafunge akaunti kwa kufuata ukubwa wa namba, ndogo kwanza, hata kama mwenye namba kubwa ndiye anayetuma. Hapo mmoja atatangulia, mwingine atangoja, na kungojeana hakutokei.

Minyambuliko mingine inafaa vivyo hivyo. Wito wa kawaida wa kusoma ni wito unaongojesha. Ule wa epoll huendana na wito usiongojesha. Tofauti kati ya “seva inangoja” na “seva inangojeshwa” ni ya kihandisi hasa: ya kwanza haisemi gharama ni ya nani, ya pili inadai atajwe anayengojesha, kama ni mtandao, diski au akaunti iliyofungwa na mwingine. Mwanafunzi anayelazimika kumtaja amefika nusu ya uchunguzi. Kungojewa ni hali ya mteja ambaye seva imeweka nafasi yake. Kitenzi kuamsha nacho kina kazi: zipo seva za zamani ambazo mteja mmoja akifika makarani wote waliolala huamshwa, mmoja akampata, waliobaki wakarudi kulala, na nguvu za mtambo zikaishia katika kuamka na kulala. Kiswahili chaweza kusema kuamshwa kwa pamoja, bila kwenda kuazima sitiari ya kundi la wanyama wanaokimbia.

Linalosumbua ni ule ukomo wa muda unaomkatia mteja wa mbali. Mapendekezo mawili yanaweza kutetewa. Ukomo wa subira unavutia kwa sauti yake, lakini subira, neno la asili ya Kiarabu, ni sifa ya moyo, na linaipa seva utu: mteja aliyekatiwa ataonekana amemchosha mtu mvumilivu. Ukomo wa kungoja ni mkavu zaidi. Unataja kitendo, nacho kina aliyekiwekea kipimo, na kipimo hicho chaweza kuulizwa kwa nini kiwe sekunde 5 badala ya 60.